Nilivyokabidhiwa Mkia Edinburgh

Kosa langu lilikuwa kuitaja Tanga.

Ningenyamaza kama wenzangu, nikavaa helmeti, nikapanda baiskeli niliyopewa, siku ingekwisha salama. Lakini yule kijana wa kutuongoza kwenye ziara ya baiskeli, ndevu nyekundu kama udongo wa Lushoto, alituuliza mmoja mmoja kama tumewahi kuendesha. Mjerumani mmoja akasema anaendesha kidogo. Mume na mke Wahispania wakasema wanajaribujaribu. Zamu yangu ilipofika nikasema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mtaa, kwamba mimi ni mtu wa Tanga, mji wa baiskeli, na nilipokuwa na miaka 12 nilikuwa nabeba gunia la nazi kwenye kerieri toka Pongwe hadi Ngamiani bila kugusa usukani. Hilo la usukani lilikuja lenyewe mdomoni, sikulipanga.

Kijana akafurahi kupita kiasi. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa filimbi.

"Basi wewe utakuwa mkia," akasema. "Mko 8. Kaa nyuma ya wote, hesabu yako iwe 7 mbele yako, na uhakikishe hawapungui."

Nikaivaa filimbi shingoni. Nilikuwa na siku nne tu Uskoti na tayari nina cheo.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya dada yangu, muuguzi wa miaka mingi huko, aliyekuwa amechoka kunikuta jikoni kwake nimelikumbatia hita la ukutani kama mtoto wa tumbili. Akanikatia tiketi. "Kaka, toka ukatembee. Mnaanza saa nne, mnamaliza saa saba Princes Street. Nitakusubiri hapo tusikilize mzinga." Kule, kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, wanajeshi wanapiga mzinga kutoka ngomeni saa saba kamili ya mchana. Wamefanya hivyo tangu 1861, ili meli zilizokuwa bandarini Leith zirekebishe saa zao hata ukungu ukitanda. Nilikuwa na hamu nao, kwa sababu mzinga wa mwisho niliousikia mimi ulikuwa wa futari.

Sasa kuna neno ambalo Mswahili anapaswa kuonywa kabla hajapanda ndege kwenda huko. Neno hilo ni "wee". Kwao maana yake ni kidogo. Kwetu ukiitwa "wee!" ujue umeshika kitu cha watu. Kijana wetu hakuweza kumaliza sentensi bila "wee": mtaa wee, hadithi wee, mapumziko wee. Kila akilitamka nageuka kuangalia nimekosa nini. Na halina ukweli wowote. Alisema tutapanda kilima wee kutoka Grassmarket. Mimi niliyekulia mji ambao kupanda mlima ni kupanda ngazi za benki, nilifika juu nikiwa nasikia mapigo ya moyo kwenye meno. Giya nilikuwa sijazigusa. Ziko nyingi, na mwanamume wa Pongwe hazihitaji.

Grassmarket ndipo walipokuwa wakiwanyonga watu hadharani. Hapo tulisimuliwa habari za Maggie Dickson, mwanamke wa Musselburgh, aliyenyongwa mwaka 1724, akatiwa jenezani, jeneza likapakiwa mkokoteni kurudishwa kwao kuzikwa. Njiani jeneza likaanza kugongwa, kwa ndani. Maggie yu hai. Akaachiwa, akaishi miaka mingi, na leo pana baa yenye jina lake palepale. Wazungu wakacheka. Mimi nikasema moyoni, ingekuwa barabara ya Pangani, mkokoteni ungeukuta peke yake hadi kesho.

Shikilia hilo jina la Musselburgh.

Juu ya kilima pana sanamu ya mbwa, Greyfriars Bobby. Bwana wake alifariki 1858, na mbwa, wanavyosimulia, akakaa jirani na kaburi miaka 14 hadi naye akafa 1872. Watalii wameisugua pua ya sanamu hadi inang'aa kama sufuria ya arusi, na kijana alitusihi tusiiguse. Hakuwa na haja ya kunisihi mimi. Mbwa wa makaburini miaka 14, hata wa shaba, simgusi.

Tukaingia George Square, kwenye chuo kikuu, na hapo ndipo cheo kilipoanza kunipanda kichwani. Nilijua Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, 1949 hadi 1952. Nilipoona kijana anapita tu na habari za majengo, nikapuliza filimbi. Msafara mzima ukafunga breki kwa pamoja. Mjerumani akamvaa Mhispania. Nikawaeleza kwa dakika sita, kuanzia Butiama. Kijana akasikiliza kwa adabu, kisha akaniomba, kwa upole, filimbi niipulize kukiwa na dharura tu. Nikamwambia hiyo ilikuwa ndiyo dharura.

Halafu handaki.

Mwaka 1831 Waskoti walifungua reli ya kuleta makaa ya mawe mjini kutoka upande wa Dalkeith, na mabehewa yalivutwa na farasi. Wakati kwingine injini za moshi zinatisha watu, hii inakwenda kwa kwato, basi ikabaki na jina la Innocent Railway, reli isiyo na hatia. Reli imeng'olewa, njia imekuwa ya baiskeli na waendao kwa miguu, na mwanzoni mwake kuna handaki la zaidi ya nusu kilomita linaloteremka moja kwa moja. Kijana akasema tuingie taratibu, mmoja nyuma ya mwenzake, tukitoka upande wa pili tutapinda kushoto kuelekea ziwa la Duddingston. Hayo yote aliyasema. Mimi niliyasikia baadaye, kutoka kwa watu wengine, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimempa mgongo najipiga picha.

Picha ya mtu wa Tanga mdomoni mwa handaki, filimbi kifuani, ya kumwonyesha shemeji. Ya kwanza macho yamefumba. Ya pili helmeti imekaa kama bakuli. Ilipofika ya tisa nikainua uso, na nyuma yangu, ambayo sasa ilikuwa mbele yangu, hapakuwa na mtu.

Nikapanda, nikaingia. Mteremko ukanipokea. Taa za darini zikaanza kupita upesi, halafu upesi zaidi, na upepo wa baridi wa mle ndani ukanitoa machozi. Nikataka kupunguza, na mguu wa kulia, kwa mazoea ya utotoni, ukaacha pedeli ukaenda kutafuta tairi la nyuma ili usugue kwa kandambili. Nilikuwa nimevaa buti za shemeji, namba 45. Buti halikuona tairi, likapapasa hewani kama mkia wa ng'ombe. Nikatoka handakini mguu mmoja nje, natoa sauti ambayo nashukuru hakuna ndugu aliyeisikia, nikanyoosha na njia.

Na mbele, Mungu mwema, reflekta za njano! Kundi zima la baiskeli, linakwenda zake polepole kwenye manyunyu. Nikakanyaga, nikalifikia, nikakaa nyuma yake, nikahesabu.

Tisa.

Nikahesabu tena. Tisa. Kuna yule wa ngano aliyehesabu punda akamsahau aliyempanda. Wangu ulikuwa ugonjwa mwingine, punda walikuwa wanazaa njiani. Nikalipima jambo lile kama afisa. Nilikabidhiwa 7 nikaambiwa wasipungue. Kuzidi hakukutajwa. Nikaendelea na kazi.

Na niliifanya kazi, wallahi. Wa mwisho mbele yangu alikuwa mwanamke mwenye koti la buluu, anakanyaga kana kwamba anasonga ugali. Kila pengo likifunguka kati yake na wenzake, napuliza filimbi. Kiingereza kikaniishia, nikahamia lugha ya nyumbani: "Kaza, mama! Kaza!" Akageuka, akatabasamu, akapunga mkono. Nikapuliza tena. "Kaza!" Tukavuka barabara moja kubwa, nikasimama katikati kwa mikono miwili kuzuia magari hadi wa mwisho wangu apite. Dereva mmoja akanipigia saluti. Tukapita nyuma ya nyumba za watu, tukafuata kijito, tukapita chini ya daraja. Nikaona mji wa kihistoria umekuwa na bustani za kabichi, nikajiambia historia ina mambo mengi. Karibu dakika 50 hivyo.

Tukafika mahali pana mto, bata maji weupe wakubwa, na mbele kidogo bahari. Wakateremka wote, wakaegesha, wakavua helmeti.

Mvi. Kichwa baada ya kichwa, mvi tupu. Hakuna Mjerumani, hakuna Mhispania, hakuna ndevu nyekundu. Mama wa koti la buluu alipovua yake nikaona bibi wa miaka 80 kasoro kitu, na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukatoa "Shikamoo." Akajibu "Aye," ambayo kwao ni ndiyo; nikaipokea kama marahaba.

"Kaa, Bwana Kaza," akasema mzee mmoja akinimiminia chai kutoka kwenye chupa. "Umefanya kazi kubwa."

Bwana Kaza. Walidhani ni jina. Walidhani nimekuwa nikijitambulisha njia nzima, kwa filimbi.

Nikauliza yuko wapi kijana wa msafara. Wakatazamana. Wakasema katika msafara wao kijana ni yule pale, nikaonyeshwa mzee mwenye fimbo iliyofungwa kwenye kerieri. Nikauliza hapa ni wapi.

"Musselburgh," akasema bibi, na kuninyooshea biskuti.

Wale walikuwa wastaafu tu, majirani wanaotembea pamoja kwa baiskeli. Nikawauliza kwa nini hawakunifukuza tangu kule handakini. Mzee wa chai akafikiri, akasema waliniona nina bidii sana, wakaona si ungwana kunikatisha. Nimeishi na watu wa pwani maisha yangu yote na sikudhani nitakuta mahali wanakotushinda kwa kusitiri.

Laini yangu ya Tanzania ilikuwa haishiki huko, dada nampata kwa intaneti ya jikoni kwake tu, na saa yangu inasema saa saba kasorobo. Bibi akasimama, akafunga koti. "Ninampeleka," akawaambia wenzake. Kisha akaninyooshea kiganja kilicho wazi. Nilidhani ananiaga, nikampa mkono. Akautikisa, akaurudisha pembeni, akakinyoosha kiganja tena, akiangalia kifuani kwangu. Nikaivua filimbi nikampa.

Safari ya kurudi siielezi yote. Njia ile iliyonipeleka kwa mteremko ilikuwa bado palepale, imegeuka mlima. Bibi, aliyekuwa anasonga ugali wakati wa kwenda, sasa alikuwa anapaa bila hata kuinuka kwenye kiti. Nilifikiri ni maziwa ya huko. Tulipofika mdomoni mwa handaki ndipo nikasikia mlio mwembamba kama wa feni, nikatazama chini ya miguu yake: betri. Alikuwa ameitunza kwa ajili ya mlima. Nikafuta kauli yangu kuhusu giya, nikaanza kuzibonyeza zote. Cheni ikalia kama kisu kwenye jiwe, nikashuka, nikasukuma. Na kutoka juu huko, gizani, nusu kilomita ya mwangwi, ikaja filimbi. Halafu sauti:

"Kaza! Kaza!"

Mzinga ulikuwa umeshalia zamani. Maggie Dickson alielekea Musselburgh maiti akarudi hai. Mimi nilikwenda hai, na kurudi kwangu Princes Street, mnamo saa nane, sipendi kukueleza zaidi.

Wenzangu walikuwa kwenye mabenchi chini ya Scott Monument, mnara wa mita 61, wanakula mikate. Walinisubiri. Dada yangu alikuwa amesimama katikati yao, mikono kiunoni, na mikono ile naijua tangu darasa la tatu. Kumbe kule handakini walikuwa wamesimama pembeni, hatua 50 tu kushoto, wanaangalia ziwa. Waliniona nikipita kama mshale, mguu nje, napiga kelele. Wakadhani nimebanwa. Wakanipa nafasi.

"Sasa hamkuona nimepungua?" nikauliza, nikitafuta wa kumlaumu.

Yule Mhispania akafuta mdomo. "Wa kuhesabu ulikuwa wewe."

Dada akacheka hadi akakaa chini, jambo ambalo sikulitegemea na sijalisamehe. Kijana wa ndevu nyekundu, uso mweupe kwa hofu ya saa mbili na zaidi, hakucheka. Akatupanga mstari, akaanza kutuhesabu mwenyewe kwa kidole, polepole, akigusa kila helmeti. Akafika kwangu, akasema nane, akashusha pumzi. Halafu kidole kikaendelea, kikatua kwenye koti la buluu. Bibi alikuwa amejipanga pembeni yangu, helmeti kichwani, filimbi mdomoni, tayari kwa safari.

"Tisa?" akasema kijana. Akanitazama mimi.

"Uliniambia wasipungue," nikamjibu.