Katuni Haipimwi kwa Kilo

Jumatatu mwalimu wetu wa katuni za kusogea alipita meza kwa meza akihesabu karatasi za michoro. Naam, kuhesabu. Mwenzangu alikuwa nazo 40 na ushee, akapigiwa makofi. Mimi nilikuwa na karatasi moja ya A4 yenye vijisanduku 12 vya ukubwa wa kiberiti, ndani yake mtu wa vijiti akihangaika na gunia.

"Wewe wiki nzima ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, mwalimu. Nilikuwa natazama.

Zoezi lenyewe dogo: mtu abebe mzigo, sekunde 4, penseli na karatasi tu. Fremu, yaani picha zinazopita machoni, 24 kwa sekunde, kila mchoro unakaa fremu 2, kwa hiyo michoro 48. Muhula uliopita nililivamia kama hao wanaopigiwa makofi leo. Nikaanza na ya 1, ikafuata ya 2, sikunyanyua kichwa mpaka ya 48. Kila mchoro ukiutazama peke yake ulipendeza, mama aliubandika mmoja jikoni. Nilipoipeperusha yote pamoja, kichwa kilikuwa kinavimba njiani, mguu mmoja umefupika, na gunia la viazi linapaa begani kama mto wa sufi. Rimu ya karatasi ilikwenda, na usingizi nao.

Safari hii nikasema hapana. Nikaenda sokoni asubuhi, baridi ya Julai ile ya kutoa moshi mdomoni, nikakaa kwa mama ntilie na chai yangu, daftari magotini. Mchukuzi mmoja akanijia uso umekunjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa vipimo?"

Alidhani nimekuja kuhesabu lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo! Nikamwambia nachora katuni. Akacheka, akasema basi nimpunguze tumbo.

Sasa sikilizeni nilichokiona. Hakuna anayeinua lumbesa peke yake kutoka chini. Mimi niliyezaliwa Uyole, viazi vikipita mlangoni kila siku, nilikuwa nimechora uongo mtupu. Mchukuzi anageuza mgongo, anainama, wenzake wawili wanamtwika. Na mzigo ukishagusa mgongo, hasimami papo hapo. Anazama kwanza, kiasi cha kiganja tu, halafu ndipo anapanda polepole, shingo mbele, kisha anaondoka kwa hatua fupi za haraka, nyayo zikikwaruza chini.

Ule mzamo ndio uzito wenyewe. Ukiukosa, hata uweke kivuli na mishipa ya shingo, umechora mtu amebeba pamba. Nilitumia saa ya simu kupima, nikarudi nyumbani nikagawa: kuzama michoro 2, kupanda 14. Pembeni mwa karatasi nikachora mstari wenye vialama, kila kimoja mchoro mmoja, vikibanana pale anapoenda taratibu, vikiachana pale anapoenda kasi. Nikachagua mikao mikuu 5. Hiyo ndiyo kazi, jamani! Michoro ya kati inayobaki ni subira na kifutio. Lakini kwa mwalimu wetu mpango hauna uzito, labda niufunge kwenye kiroba.

Haya, nakubali, wapo wanaopanga mpaka muhula unakwisha. Mmoja wao namnyoa ndevu kila asubuhi. Na moto au moshi ukiuchora mfululizo bila ramani unaweza kutoka vizuri kuliko uliopangwa. Sawa. Mchukuzi si moshi.

Wa "si utumie kompyuta tu" leo sina muda nao.

Jana umeme ulikatika, taa ya chini ya kioo changu cha kuchorea ikazimika, nikabandika karatasi kwenye dirisha nikaendelea kwa mwanga wa jua, mlima Loleza kwa nyuma kama sehemu ya picha. Nikafikisha 16, mzamo na kupanda, nikazipiga picha kwa simu na kuziunganisha. Jioni nikampelekea yule mzee. Aliitazama mara tatu bila kusema, nikadhani imemchosha.

"Hapa anapopokea," akasema, "mguu wa kushoto ungetangulia mbele kidogo. Hivi ulivyomweka, angeanguka."

Nimebadilisha mkao mmoja, na michoro 6 ya jirani yake. Jumatatu mwalimu akipita atakuta bado 16.