Fundi, Ndege Hasogei

Mteja akikwambia, "Fundi, nataka kitu kisicho na mwanya hata wa unywele," mwulize kwanza kama ana mpango wa kukifungua.

Mimi natengeneza masanduku madogo ya mapambo. Ya vito, ya barua, ya saa, ya vile vitu ambavyo mtu hajui aviweke wapi lakini hataki kuvitupa. Kazi kubwa naifanya kwa msumeno wa nakshi, ile mashine ya mezani yenye bledi nyembamba iliyosimama wima, inayopanda na kushuka mamia ya mara kwa dakika huku wewe ukizungusha ubao kwa vidole. Wasioijua wanadhani ni cherehani. Yuko jirani aliyeniletea suruali nimpunguzie miguu, na nilipomweleza kwamba hii ni ya mbao alinitazama kwa huruma, akaondoka akiamini tu kwamba sitaki kazi.

Ni kazi ya subira. Kila tundu la nakshi linaanza kwa kutoboa kwa drili. Unalegeza bledi juu, unaipitisha tunduni, unaifunga, unaikaza mpaka ukiigusa kwa kucha inalia sauti nyembamba, ndipo unakata. Ukimaliza tundu hilo, unalegeza tena, unahamia lingine, yale yale. Mfuniko mmoja wenye maua unaweza kuwa na matundu 40. Na hizi bledi zenye namba ndogo, 2 au 3, zinazokata kona kali, haziendi unakozielekeza. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na ukali zaidi upande mmoja wa meno, kwa hiyo ukisukuma ubao ukiwa umenyooka, mstari unakukimbia pembeni. Inabidi uusukume mshazari muda wote. Mtu akinikuta kazini anadhani nimelala vibaya.

Basi akaja kijana mmoja na simu mkononi. Akanionyesha video ya yale masanduku ya siri ya Hakone, Japani, ambayo mafundi wa huko wamekuwa wakiyatengeneza tangu karne ya 19: hayana ufunguo wala bawaba inayoonekana, unasogeza kipande hiki, kisha kile, ndipo mfuniko unaachia.

"Fundi, nataka namna hii. Sanduku la pete. Juu yake ndege wawili wanatazamana. Nikimsukuma ndege wa kushoto, kufuli inaachia, mfuniko unateleza. Nitapiga goti mbele ya watu, nitamsukuma ndege, halafu atalia."

"Ndege?"

"Mchumba, fundi."

Nikamwambia inawezekana. Tukaja kwenye mbao. Nikampendekezea mninga au msaji, mbao tulivu ambazo hazisumbuliwi sana na hewa. Akakataa. Gauni la mchumba ni jeupe linaloelekea waridi, na yeye alikuwa ameshaona kwenye rafu yangu kipande cha mbao ya biichi chenye rangi hiyo hiyo.

"Hiyo ni nzuri," nikamwambia, "ila inavimba na kusinyaa kuliko hizo nyingine. Inakunywa unyevu wa hewani. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kusumbua, lakini upana, kukingama na nyuzi za mbao, huo unatanuka. Ubao wa sentimita 10 unaweza kuongezeka milimita moja na zaidi ukitoka kwenye hewa kavu ukaingia kwenye hewa ya mvua."

"Fundi, huo mti si ulishakatwa?"

"Ulikatwa."

"Ukafa?"

"Ukafa."

"Sasa unakunywaje?"

Seremala anaweza kubishana na mteja, lakini hawezi kubishana na mtu aliyeposa. Nikanyamaza, nikaenda kukata.

Ndege wa kwanza alikatika mdomo. Nyuzi za mbao zilipita kukingama na mdomo wenyewe, na palipo pembamba namna ile hapahitaji hata kuguswa, kutazamwa tu kunatosha. Binti yangu akasema huyo ni kasuku aliyetoka kupigana. Nikageuza mchoro ili nyuzi zifuate urefu wa mdomo, nikafunika ubao kwa selotepu pana kusudi bledi isiunguze kingo, nikaanza upya. Ndege wa pili alitoka na mdomo, mkia na heshima zake zote. Huyu wa kushoto nikamchongea ulimi chini yake, ukaingia kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya mfuniko, na mbele ya ulimi pini ndogo ya mbao inayozuia mfuniko usiteleze. Msukume ndege, pini inatoka, sanduku linafunguka.

Niliacha mwanya pande zote za ndege, unene wa karatasi mbili hivi. Kijana akaja, akalishika sanduku, akalitikisa sikioni.

"Fundi, linacheza."

"Halichezi. Nimeliachia nafasi ya kupumua."

"Yaani maiti wako huyu anakunywa, na sasa anapumua? Kaza, fundi. Nataka likae tii."

"Likipata unyevu litakaa tii mpaka ujute."

"Si utalipaka mafuta?"

Nikamweleza kwamba mafuta na vanishi vinachelewesha unyevu tu, havizuii. Nilikuwa nazungumza na kisogo chake, maana alishageuka kupokea simu ya mpiga picha.

Nikachonga ndege mwingine, mnene kidogo. Na nikiri, uzuri wake ulinilevya. Ukifunga mfuniko, hewa ilitoka ndani kwa sauti ya "fyuu", taratibu, na ndege akarudi mahali pake bila mstari wa mwanga kuonekana. Nililifungua na kulifunga, nikalifungua na kulifunga, mpaka mke wangu akauliza kama nimelipwa kutengeneza au kucheza. Nikamkabidhi kijana, naye kwa furaha akanialika kwenye shughuli nikashuhudie kazi ya mikono yangu.

Asichoniambia ni kwamba shughuli ilikuwa bustanini kando ya ziwa, majira ya mvua. Na asichoniambia zaidi, ambacho nilikuja kukijua baadaye nikiwa nimeshika kichwa, ni kwamba ili mchumba asilione sanduku, alilificha wiki nzima nyumbani kwao kwenye chumba cha kufulia nguo. Juu ya kabati. Karibu na pasi ya mvuke.

Nilifika nimevaa koti langu la mikutano, nikakaa viti vya nyuma chini ya turubai. Mvua ilikuwa imepumzika lakini hewa ilikuwa nzito, ukishika kiti unashika maji. Mshereheshaji akaomba utulivu. Kijana akapiga goti kwenye nyasi zilizolowa, mchumba akaweka mikono mashavuni, mpiga picha akalala kifudifudi. Kijana akatoa maneno mazuri sana, nadhani aliyaandika mwenyewe, kisha akaweka kidole gumba mgongoni mwa ndege wa kushoto, akasukuma.

Akasukuma tena, akitabasamu.

Akasukuma mara nyingine, na safari hii tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu, macho yameshaondoka.

"Ndege wana haya leo!" akasema mshereheshaji. Watu wakacheka. Kijana akacheka. Gumba lake lilikuwa jeupe kuliko gauni. Kisha akainua shingo, akatafuta viti vya nyuma, na kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, kipaza sauti kikiwa sentimita chache kutoka mdomoni mwake, akasema:

"Fundi. Ndege hasogei."

Turubai zima likageuka kumtafuta fundi. Nami nikageuka, nikamtafuta nyuma yangu. Kulikuwa na ukuta wa turubai tu.

Nilipofika mbele, sanduku lilikuwa limeshapita mikono kadhaa. Jamani, sijawahi kuona taaluma nyingi namna ile katika shughuli moja. Mjomba alisema nyuzi za ndege zinaelekea kulia, kwa hiyo avutwe. Shangazi alitaka sabuni. Mmoja aliyejitambulisha kuwa ni mhandisi alilizungusha sanduku kwa muda mrefu, akatangaza kwamba tatizo ni la kiufundi, akalirudisha. Mama mmoja mwenye nia njema alikuwa ameshaagiza maji ya moto lizamishwe, na hapo nilipiga ukelele ambao wengine walidhani ni sehemu ya sherehe. Kijana alitaka kusimama, mpiga picha akamsihi abaki na goti, mwanga ni mzuri.

Baba wa binti akanyoosha mkono.

"Fundi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiki kitu unakifunguaje?"

"Unamsukuma ndege, mzee."

"Tumemsukuma."

"Ndiyo, mzee. Sasa tunasubiri akauke."

Mzee akaniangalia, akaliangalia sanduku, akaliangalia ziwa, akaiangalia mvua iliyokuwa inarudi. Hakuuliza swali jingine, na ukimya wake ndio uliniumiza.

Nikaomba mashine ya kukaushia nywele. Mpambe mmoja akaileta, ukavutwa waya mrefu kutoka kwa mpiga muziki. Nikaanza kumpulizia ndege hewa ya moto, mbele ya wageni waliovaa vizuri, mmoja akinishikia mwavuli. Ni njia yenye mantiki, ila ina tatizo moja: upande wa juu wa ubao unakauka na kusinyaa kabla wa chini haujapata habari, na ubao mwembamba ukifanyiwa hivyo unajikunja. Mfuniko ukapinda kidogo, mfereji ukambana ndege zaidi. Nikazidisha moto. Mashine ikavuta umeme mwingi kuliko waya ulivyoweza, ikasikika "tap!", na muziki, taa, kipaza sauti na mimi tukazimika pamoja.

Katika giza lile la jioni ikasikika sauti ya mzee, tulivu kabisa: "Nani ana patasi?"

Nitasema ukweli wangu: nilikuwa nayo. Patasi ya milimita 6, mfuko wa ndani wa koti. Seremala haendi popote bila kitu. Lakini nikawaza wale ndege, nikamwaza yule aliyekatika mdomo, mkono ukakataa kuingia mfukoni.

Aliyetuokoa ni mchumba mwenyewe. Alilichukua sanduku mikononi mwangu, akalipeleka sikioni, akalitikisa. *Tiki, tiki.*

"Pete imo," akasema. "Naisikia. Na mimi nimekubali. Ila atakayelikata sanduku hili, jibu langu linabadilika."

Vigelegele vikapigwa gizani. Kijana akaruhusiwa kunyanyuka, goti la suruali likiwa la kijani. Akanivuta pembeni.

"Litafunguka lini?"

"Hewa ikikauka."

"Hewa itakauka lini?"

"Bwana mdogo, hilo waulize watu wa hali ya hewa. Mimi ni wa mbao."

Miezi ya mvua ikapita nao wakiwa wachumba rasmi wenye pete isiyoonekana. Nasikia rafiki zake binti walipokuja kumpongeza na kutaka kuiona, aliwatikisia. Waliinama mmoja mmoja wakasikiliza, na mwenye kujua mambo kuliko wote akatikisa kichwa na kusema, inasikika ni dhahabu. Mama mkwe naye alipendekeza kidole cha binti kitikiswe kidogo pia, wazoeane.

Kiangazi kilipoingia, usiku mmoja simu yangu ikaita. Mtu anapumua kwa nguvu, hasemi. Nikasema haloo, haloo. Ndipo sauti ya kijana ikapasuka: "Fundi! Ndege kasogea!" Dada wa kazi alikuwa anapangusa vumbi kwenye rafu, kitambaa kikamgusa ndege, ndege akateleza kwa upole, na "fyuu", sanduku likafunguka lenyewe mbele ya mtu asiyehusika. Nikawaambia waniletee nimpunguze ndege kwa msasa, dakika chache tu. Binti akakataa katakata. Alisema anataka kujua msimu bila kutazama nje.

Nilitarajia kupoteza wateja. Badala yake, wiki ile ile baada ya shughuli walianza kuja, na wote walikuwa na ombi moja. Mama mmoja alitaka sanduku kama lile la kuwekea akiba, kwa sababu anajijua. Mzee mmoja alitaka la kuficha rimoti ya televisheni wajukuu wasiipate. Nikawaeleza kwamba natengeneza pia yanayofunguka, mazuri tu, ya msaji, yenye mwanya wa kutosha na mahameli ndani. Walinisikiliza kwa adabu, wakasema hapana, asante.

Mmoja tu nilifanikiwa kumshawishi. Nikamtengenezea la msaji, nikapima kila upande, nikamwachia ndege nafasi yake, likafunguka laini kiangazi na masika. Nililionea fahari. Kabla halijamaliza mwaka akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa.

"Fundi, sanduku lako lina kasoro."

"Kasoro gani, mzee wangu?"

"Linafunguka."

Nikamwuliza kama nyumbani kwake ana chumba cha kufulia.