Shamba la Oppenheimer

Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 1 Aprili, na ndiyo siku niliyopangiwa kwenda Tabata kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Mshenga wangu, fundi majokofu ambaye busara zake ni nyingi kuliko maneno yake, alinipa maagizo matatu: nisiketi mpaka nikaribishwe mara ya pili, nisimalize nyama iliyopo kwenye sahani, na nisitoe maoni juu ya jambo lolote lile hadi mahari itakapomalizika kulipwa. Maagizo mawili ya kwanza niliyatimiza kikamilifu.

Kosa lenyewe lilianzia kazini. Mimi ni mtunza hesabu katika duka la vipuri huko Gerezani, na majuma hayo, baada ya filamu ya Oppenheimer, ile ya mwanafizikia wa Marekani aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, kunyakua tuzo 7 za Oscar, dukani kwetu hapakuwa na mtu asiye na maoni juu yake. Mtunza stoo alisema ni saa tatu za wanaume wenye suti wanaobishana. Keshia alisema aliitazama akalia, ingawa alipoulizwa alilia wapi hakukumbuka vizuri. Hata dereva wa kirikuu, ambaye hakuwa ameitazama kabisa, alikuwa na msimamo kwamba imesifiwa kupita kiasi. Mimi peke yangu nilibaki nikikoroga chai iliyokwisha kukorogeka, nikaona aibu. Jioni hiyohiyo nilishuka Manzese, nikampelekea flashi yangu kijana anayejaza filamu kwa shilingi 500, naye akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, kama nataka ya Kizungu au iliyotafsiriwa. Nikawaza: wanasayansi, saa tatu, Kiingereza cha chuo kikuu. Nikasema iliyotafsiriwa.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye kibanda umiza anastahili maelezo kidogo hapa. Filamu iliyotafsiriwa haina maandishi chini ya picha. Ina mtu mmoja mwenye kipaza sauti, ambaye anasema maneno ya wahusika wote, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto, na katikati ya hayo anaeleza nani mbaya na nani atakuja kujuta, anawasalimu rafiki zake wa Mbagala, na pale Kiingereza kinapomshinda anaziba pengo kwa akili zake mwenyewe. Sanaa hii ilipata jina jijini Dar es Salaam kupitia watu kama Lufufu, na mimi nimelelewa nayo, kwenye benchi la ubao ndani ya banda la mabati, kiasi kwamba hadi leo filamu isiyokuwa na mtu wa kuniambia mwizi ni yupi naiona kama kazi iliyoachwa njiani.

Mtafsiri wangu alikuwa hodari. Jina la mhusika mkuu alilifupisha likawa Openi. Alipofika kwenye tukio ambalo Openi, akiwa bado mwanafunzi, analidunga tofaa la mwalimu wake kwa sindano, alieleza kwamba ile ni dawa ya kufaulu mitihani na kwamba bila shaka imetoka Sumbawanga. Kisha Openi akapanda farasi, akafika kwenye uwanda mpana, mtupu, akautazama kwa mapenzi, na hapo ndipo mtafsiri alipoamua kwamba filamu inahusu shamba. Hakurudi nyuma tena. Maprofesa waliokuja kuishi kule walikuwa vibarua. Ule mlipuko mkubwa ulikuwa wa baruti ya kupasulia mawe, kama ya Kunduchi. Kile chumba kidogo ambamo Openi anahojiwa siku nenda siku rudi kilikuwa Baraza la Ardhi la Kata, na karatasi ambayo wajumbe wanakataa kumpa ilikuwa hati. Na yule bwana wa suti anayechezwa na Robert Downey Jr., ambaye sehemu zake zimepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, alikuwa kaka mkubwa wa Openi, aliyekula njama za kumdhulumu mdogo wake mirathi. Nyeusi na nyeupe, alifafanua mtafsiri, kwa kuwa mambo hayo yalitokea zamani, kabla rangi hazijafika Marekani.

Nakiri kwamba nilivutiwa mno. Nimetazama filamu nyingi, lakini ni chache zilizoshikana namna ile, kila tukio likiliegemea lenzake, na nilipolala usiku huo nilikuwa na maoni ya kutosha mwezi mzima.

Tabata ilikuwa imelowa. Masika yalikuwa yamekolea, na kutoka kituoni hadi nyumbani kwa Mzee nilibeba udongo wa kutosha kukandikia ukuta. Nilivua viatu mlangoni, nikagundua kwamba soksi ya kulia ina tundu ambalo dole gumba lote limetokea, nikaketi (baada ya kukaribishwa mara ya pili) huku nimelifunika kwa mguu wa kushoto. Mkao huo nilikuwa nao hadi jioni, na naamini sehemu ya yaliyotokea ilisababishwa na damu kutofika vizuri kichwani.

Sebuleni walikuwepo Mzee, ambaye ni mwalimu mstaafu wa fizikia, Mama, shemeji yangu mdogo, na kaka mkubwa wa Mzee, yaani baba mkubwa wa mchumba wangu, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa suti ya kijivu yenye vifungo vyote vimefungwa. Niliona kwamba ndugu hao wawili hawaongei moja kwa moja. Kila mmoja alikuwa akimwomba Mama amwombe mwenzake chumvi. Nikadhani ni heshima.

Baada ya pilau mazungumzo yakaingia kwenye filamu, kama yanavyoingia siku hizi mahali popote penye runinga. Shemeji alisifia tamthilia za Kikorea. Mama alisema tangu zile za Kihindi za zamani hajaona filamu inayojua kumliza mtu kwa adabu. Mzee akakumbuka sinema ya Drive-In pale Msasani, mahali ambapo leo upo ubalozi wa Marekani, na namna walivyokuwa wakienda watu wanane kwenye gari moja la rafiki yao. Baba Mkubwa alisema filamu zote ni uongo, akarudi kwenye kimya chake. Ndipo Mzee aliponigeukia.

"Na wewe, kijana wetu? Mwanangu wa kiume alinipeleka ukumbini kutazama hii ya Oppenheimer. Nimefundisha fizikia miaka 31, lakini nilitoka mle sina la kusema. Wewe umeionaje?"

Mshenga alikohoa. Nilidhani ni pilipili ya kachumbari.

"Mwalimu," nilisema, nikikaa sawa kadiri dole gumba lilivyoniruhusu, "filamu ile imenionyesha kwamba mchawi wa mtu ni nduguye."

Mzee aliweka glasi chini. "Ndugu yupi?"

"Kaka yake mkubwa. Yule wa suti. Mtu anajifanya mpole, anakaribisha watu chai, kumbe usiku anawapitia wajumbe wa baraza mmoja mmoja ili mdogo wake anyimwe hati. Na shamba lenyewe amelihangaikia mdogo mtu! Ameleta vibarua, amepasua mawe. Kaka mtu hakuwahi kung'oa hata kisiki."

Sebule nzima ilitulia. Mama aliinuka kwenda kuleta maji, ingawa jagi lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Mimi kimya hicho nilikichukua kuwa ni usikivu, nikaendelea, nikatoa na hukumu, kwamba kwa maoni yangu mtu wa namna hiyo hafai hata kukaribishwa kwenye sikukuu.

Sikujua, kwa kuwa mambo kama hayo haelezwi mtu ambaye bado hajaoa, kwamba kuna shamba la minazi na mikorosho huko Mkuranga lililoachwa na babu wa mchumba wangu. Kwamba ndugu hawa wawili walikuwa wakiligombea kwenye baraza la kata tangu mwaka uliotangulia. Kwamba mlalamikaji alikuwa Mzee. Na kwamba Mama alikuwa ametumia Kwaresima nzima kuwabembeleza waketi meza moja siku hii tu.

Mzee alivua miwani. Aliniuliza taratibu, kwa sauti ambayo nadhani aliwauliza nayo wanafunzi waliokuwa wakinakili majibu: "Na yule mzee mwenye nywele nyeupe, kando ya bwawa, alizungumza nini na Oppenheimer?"

"Babu yao mzaa mama? Alionyeshwa hati ya asili ilipofichwa. Ndiyo maana alipompita kaka mtu hakumsalimu."

"Huyo ni Einstein," alisema Mzee.

Lakini Baba Mkubwa alikuwa amekwisha simama. "Umemfundisha vizuri," alimwambia mdogo wake, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake siku hiyo. "Kumbe nimeitwa Pasaka ili nisomewe mashtaka kwa mafumbo, tena na mtoto wa watu."

"Kaka, kijana huyu namwona leo kwa mara ya kwanza."

"Basi kafundishwa na mwanao."

Mchumba wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la matikiti, alinitazama kwa macho ambayo sitayaeleza. Mzee akanigeukia tena. "Kijana wangu, leo ni tarehe 1 Aprili. Kama ni mzaha wa Siku ya Wajinga, sema sasa hivi tucheke tuyamalize."

Huo ulikuwa mlango, tena umefunguliwa wazi kabisa, na mtu mwenye akili angepita. Mimi nilisema, "Hapana, Mwalimu, sitanii, ninayo hapa," nikatoa mfukoni funguo zenye flashi.

Shemeji aliichomeka kwenye runinga. Umeme ukakatika.

Wakati huohuo mvua ikashuka, ile mvua ya Aprili ambayo bati likianza kulia watu hawasikilizani, na hakuna aliyeweza kutoka, hata Baba Mkubwa, ambaye alikuwa amekwisha kupata kiatu kimoja. Tulikaa gizani zaidi ya saa nzima. Mshenga alijifanya amelala. Hatimaye Mzee, ambaye mwalimu ndani yake hakuwahi kustaafu, alishindwa kuvumilia.

"Hebu niambie, huo mlipuko wa mawe. Picha inalipuka, lakini mlio hausikiki mpaka baadaye. Mtafsiri wako alisemaje?"

"Alisema spika ni nzima, tusizipige."

Kimya. Kisha akaanza kueleza, kwamba mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde na sauti huenda mita 340 hivi tu, kwa hiyo siku ile ya Julai 1945 waliokuwa kilomita 9 kutoka kwenye bomu waliuona moto kwanza na kusubiri karibu nusu dakika kabla ya kuusikia. Umeme wa angani ukamulika dirishani. "Hesabuni!" akaamuru. Tukahesabu sote: moja, mbili, tatu. Shemeji alihesabu, Mama alihesabu kutoka jikoni, mshenga alihesabu usingizini. Nilimsikia na Baba Mkubwa, kiatu mkononi, akinong'ona nane. Radi ikalia kwenye tisa. "Kilomita tatu," alisema Mzee. "Imepiga upande wa Buguruni."

Umeme uliporudi, sauti ya mtafsiri iliijaza sebule kwa nguvu iliyozitikisa glasi: "Karibuni wapenzi watazamaji, hii ni kesi nzito ya shamba kati ya Openi na kaka yake, mwenye moyo mwepesi atoke nje!"

Shemeji alianguka kutoka kwenye kochi. Mama alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimcheza. Mzee alijitahidi kubaki mwalimu hadi kwenye tofaa. Hapo alisimamisha filamu ili atueleze kwamba ile ilikuwa sumu ya sianidi, na kwamba katika filamu mwanafizikia mkubwa Niels Bohr nusura alile tofaa lile, lakini alipofika kwenye neno sianidi mtafsiri wa Sumbawanga alimrudia kichwani, akashindwa kumaliza sentensi, akalia machozi.

Baba Mkubwa hakucheka hata mara moja. Aliketi na kiatu chake kimoja, akaifuatilia kesi kwa makini kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale kaka mtu aliponyimwa kura na wazee wa baraza alisonya. "Hawakumpa nafasi ya kuleta mashahidi," alisema.

Filamu ilipokwisha alivaa kiatu cha pili, akajifunga kifungo kilichokuwa kimelegea, akanijia. Nilisimama kwa heshima, na dole gumba likaonekana na watu wote.

"Mtafsiri wako hajui sheria," aliniambia, ingawa aliyekuwa akitazamwa ni mdogo wake. "Shauri la mirathi haliendi kata. Hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo."

Mzee, aliyekuwa bado anafuta machozi ya kicheko, aliacha kufuta.

Majibu ya barua ya posa yalikuja baada ya majuma matatu. Mshenga alinisomea akiwa amesimama, kama mtu anayetaka kuondoka mapema: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi, vyote kwa viwango vya kibinadamu. Mwisho kabisa, kwa mwandiko tofauti, ulioinamia kulia, palikuwa na mstari mmoja ulioongezwa kwa kalamu nyingine: "Kwa baba mkubwa, suti moja, rangi yoyote isipokuwa nyeusi au nyeupe." Mshenga aliikunja karatasi, akakohoa.