Siuzi Impreza nichukue C200

Kila tukikaa na mabinamu lazima mtu aulize mbona siuzi hiyo Subaru nichukue Mercedes, na jibu ni lile lile, siuzi.

Nazungumzia Subaru Impreza WRX STI ya miaka ya tisini, toleo linaloitwa GC8, dhidi ya Mercedes C200 ya toleo la W205 iliyotoka 2014. Zote injini ya lita 2, silinda nne, na tabo (turbo, ile ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini). Lakini STI ya 1999 ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 280, C200 ile ya mwanzo ina 184, na bado Mercedes ndiyo nzito, karibu kilo 1,450 wakati Subaru iko kwa 1,270 hivi. Kwa kasi hapo hakuna kubishana.

Sasa mimi si kasi tu. Binamu yangu anayo C200 na nimeiendesha kutoka Limuru kushuka hadi Mai Mahiu, na kwa kweli ni gari tamu, imetulia, kelele ya barabara huisikii, gia saba zinajibadilisha hata hujui, ukiwa umebeba mzazi mgonjwa au mtoto amelala nyuma basi chukua Mercedes bila kufikiria. Usalama pia, ilipata nyota tano za Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaopima usalama wa magari kwa kuyagonga, 2014, Impreza haikaribii hapo na mtu asikudanganye. Ila kona zote zile mkononi sikuhisi kitu, usukani mwepesi umekaa tu. Impreza barabara hiyo hiyo inakuambia kila kitu, kama lami iko na mchanga unajua mapema, silinda zimelala ubavuni so uzito uko chini, magurudumu yote manne yanavuta, tabo inachelewa kidogo halafu ikiingia unabanwa kwa kiti. Na ile ngurumo jamani! Inatoka kwa mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, hiyo huwezi kuiwekea spika ikatokea.

Na haya mapenzi Wakenya hatukuyaokota, dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza, mwenzake Richard Burns akashinda na Impreza 2000. Waliokuwa kando ya barabara na vumbi usoni hawajasahau.

Mafuta inakunywa, hiyo ni kweli. Lakini fundi yeyote anayejua Subaru anaifungua na spana, wakati C200 taa ikiwaka kwa dashibodi hamna la kufanya mpaka kompyuta ipatikane.

Kinachoniuma zaidi ni hizi gari kuisha. Kenya hairuhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka minane kuingia, so GC8 zilizopo ndizo hizo, na kila wiki naona ingine imekatwa ikauzwa vipande. C-Class, familia ya hiyo C200, unaweza kuagiza Japani hata mwaka ujao. Kama unayo GC8 ambayo haijagongwa, chasisi safi, usimpe mtu wa kuikata hata akija na pesa mkononi, afadhali uipaki upige hesabu ya spea polepole.