Bwana Birling na aibu ya kuonekana

Katika "An Inspector Calls", tamthilia ya J. B. Priestley iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1945, hakuna mhusika rahisi kumchukia kama Arthur Birling. Ni mwenye kiwanda, Uingereza ya mwaka 1912, na usiku huo nyumbani kwake kuna karamu ya uchumba wa bintiye Sheila na Gerald, mtoto wa mshindani wake wa biashara. Karamu haijaisha, mzee keshamdokeza mkwe mtarajiwa kwamba huenda akapewa cheo cha "Sir", mradi tu nyumba isipatwe na kashfa. Ndipo anapoingia Inspekta Goole na habari za Eva Smith, msichana aliyejiua kwa kunywa dawa ya kuua vijidudu. Kila aliyepo mezani ana mkono wake katika masaibu ya binti huyo.

Utetezi wa Birling ni mzito kuliko tunavyokubali. Eva na wenzake, wafanyakazi wa kiwanda chake, walidai mshahara wa wiki uongezwe kutoka shilingi 22 na peni 6 hadi shilingi 25. Alikataa, wakagoma, mgomo ukafa, akawarudisha wote kwa malipo yaleyale isipokuwa vinara, Eva akiwamo. Ukatili, ndiyo, lakini ndio uliokuwa desturi ya matajiri wenzake, na Gerald anakiri palepale kwamba kwao wangefanya vivyo hivyo. Isitoshe, mwandishi anamwonea. Anamtia mdomoni maneno kwamba meli ya Titanic haiwezi kuzama na kwamba vita havitakuja, huku watazamaji wa 1945 wametoka kuzika watu wao. Mtu aliyetegwa namna hiyo, hata akisema jua huchomoza mashariki, atachekwa.

Tena kuna sitara. Kwetu, mzazi anayefunga mlango ili fedheha ya wanawe isifike barabarani husifiwa kwa busara. Kwa nini basi Birling alaumiwe kwa jambo lilelile?

Hapa ndipo ninapoachana naye. Sitara humfunika aliyeanguka. Shuka la Birling linamfunika Birling. Inapojulikana kwamba Eric, mwanawe, amechukua pauni 50 za ofisi ili kumsaidia Eva aliyekuwa na mimba yake, baba anafoka: kwa nini hukuja kwangu? Kijana anamwambia kuwa yeye si baba wa kuendewa na mtu aliye matatani. Jibu la mzee ni kwamba Eric amedekezwa. Kuhusu zile fedha, linalomshughulisha ni jinsi ya kuufunika wizi upesi.

Baadaye Gerald anapogundua kwamba Goole si askari wa polisi na kwamba hospitali haina maiti ya msichana yeyote, Birling anachangamka kama mtu aliyefutiwa deni. Anamhimiza Sheila aichukue tena pete aliyomrudishia Gerald. Kana kwamba Eva hakufukuzwa kazi, wala Eric hakuiba! Kwa hesabu yake, kisichoonekana na watu hakikutendeka.

Kuna sentensi moja tu inayonisitisha. Goole akiwa bado sebuleni, Birling anasema angetoa maelfu ya pauni, naam, maelfu, naye Inspekta anamwambia kwamba anazitoa wakati usiofaa. Je, ni majuto au ni bei? Maandishi yanakubali yote mawili. Mwigizaji akiitamka kama mtu aliye sokoni, Birling anabaki kikaragosi. Akiitamka kwa koo lililokauka, kwa nusu dakika tunamwona baba ambaye Eric angeweza kumwendea. Kisha Goole anaondoka, na mzee anaanza kulalamika juu ya cheo chake.