Karoli wetu ni Lwanga

Kila mjadala wa majina unapozuka, hoja huwa ile ile: majina ya ubatizo ni mabaki ya ukoloni, tuyatupe. Karoli, au Charles kwa walioandikishwa Kiingereza, halikosekani kwenye orodha ya yanayohukumiwa. Mimi nalitetea. Ninavyoona, wengi wanaolikataa wanamfikiria Mzungu mwenye taji, na wengi wanaolipenda wanamfikiria huyo huyo, ndiyo maana mjadala hauishi.

Jina hili lilitoka kwa Wagermanik, makabila ya kale yaliyowazaa Wajerumani, Waingereza na Waskandinavia wa leo. Kwao karl alikuwa mwanamume wa kawaida aliye huru. Hakuwa mtumwa wa mtu, wala hakuwa wa ukoo wa watukufu. Waingereza wa kale walimwita ceorl, na baada ya wenye vyeo kujitenga na wakulima, neno hilo liliteremka kidogo kidogo mpaka likawa la kumsema mtu asiye na adabu. Upande wa pili wa bahari, kwa Wafranki, watu walioitawala Ufaransa ya kale, lilipanda hadi juu kabisa.

Aliyelipandisha kwanza ni Charles Martel, ambaye maisha yake yote hakuwa mfalme. Cheo chake kilikuwa msimamizi wa ikulu, ila wafalme wa zama zake walikalia kiti tu na yeye ndiye aliyetawala. Alilishinda jeshi la Waislamu kutoka Hispania karibu na Poitiers mwaka 732. Mfalme alipofariki mwaka 737, Martel hakuona haja ya kumweka mwingine, akaendelea na kazi hadi kifo chake mwaka 741.

Mjukuu wake ndiye Karolo Mkuu, yule Wafaransa wanamwita Charlemagne, aliyevikwa taji la kaisari na Papa Leo III mjini Roma siku ya Krismasi mwaka 800. Kinachonivutia kwake kuliko vita vyake vyote ni sahihi yake. Hati zake zinaonyesha msalaba wenye herufi nne za Kilatini, K, R, L na S, moja kila ncha, na katikati kuna umbo dogo la almasi lililobeba irabu za jina Karolus. Alama yote huchorwa na karani, na kwa kawaida mkono wa mfalme wenyewe huongeza mstari mdogo pale katikati. Einhard, aliyeishi naye na kuandika maisha yake, anasema mzee huyo aliweka vibao vya kuandikia chini ya mto wake wa kulalia ili ajifunze kuumba herufi usiku, lakini alikuwa amechelewa kuanza. Mtu aliyetawala kuanzia Hispania ya kaskazini hadi katikati ya Italia aliliandika jina lake kwa msaada wa karani.

Alifariki mwaka 814, na majirani zake wa mashariki walilifanya jina lake kuwa cheo. Hadi leo mfalme kwa Wapolandi ni król, kwa Wacheki král, kwa Warusi korol, na Wahungaria nao wakachukua király. Jina la mtu wa kawaida likawa ndilo jina la ufalme. Baada ya hapo kila ukoo wa kifalme Ulaya ulitaka Karoli wake. Waswidi walizidisha: katika karne ya 16 waliamini historia iliyojaa wafalme wa kubuni, wakahesabu akina Karl sita ambao hawakuwahi kuwepo. Ndiyo sababu mfalme wao wa sasa anaitwa Carl XVI Gustaf, ingawa kwa hesabu ya kweli yeye ni wa kumi. Kwa Wakatoliki jina lilipata nguvu mpya kupitia Carlo Borromeo, askofu mkuu wa Milano aliyebaki na watu wake wakati wa tauni ya mwaka 1576, akatangazwa mtakatifu mwaka 1610.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo ninapotaka tukae.

Novemba 1884, Carl Peters alishuka Unguja na wenzake, akiwemo Karl mwingine, Karl Jühlke, wakavuka kwenda bara. Katika wiki chache walikusanya alama za machifu wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami kwenye karatasi za Kijerumani ambazo machifu hao hawakuweza kuzisoma. Mangungo wa Msovero, huko Kilosa, ndiye anayekumbukwa zaidi. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I alizitilia nguvu karatasi hizo kwa hati ya ulinzi. Baadaye Peters alipewa kazi ya kamishna wa Kilimanjaro, na huko akawanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja. Bunge la Ujerumani lilipoambiwa habari hizo mwaka 1896, kulikuwa na ghadhabu kubwa, na mwaka 1897 akafukuzwa utumishi. Watu wetu walikuwa wameshampa jina lake: Mkono wa Damu.

Mwaka ule ule wa hati ya kaisari, tarehe 15 Novemba 1885, Kabaka Mwanga wa Buganda alimuua Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wahudumu wa ikulu. Aliyeshika nafasi yake alikuwa kijana wa ukoo wa Ngabi aitwaye Lwanga. Siku hiyo hiyo, akijua kabisa mwenzake amefia imani yake, alikwenda kwa mapadre akabatizwa, akawa Karoli.

Kazi yake ilikuwa kuwalinda wavulana wa ikulu dhidi ya matakwa ya kabaka na kuwafundisha imani. Mei 1886, huko Munyonyo, walipojua hukumu inakuja, aliwabatiza kwa mkono wake wale ambao hawajabatizwa, akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote, mwenye miaka kama 14. Wakafungwa, wakatembezwa hadi Namugongo. Tarehe 3 Juni alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake, moto ukiwashwa kwanza miguuni ili achelewe kufa. Inasimuliwa kwamba aliomba afunguliwe, akazipanga kuni mwenyewe, kisha akajilaza juu yake. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21 tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akaja Uganda mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia Karoli ni jina la mkoloni, namuuliza: Karoli yupi? Mkagera au Mganda aliyempa mwanawe jina hili hakumwazia Peters hata kidogo, wala Charlemagne. Alimwazia kijana aliyemkatalia mfalme. Tena, katika wote niliowataja, sioni aliyelistahili jina la mtu huru kuliko yeye, ambaye aliishi ikulu kama mtumishi na bado hakuna aliyeweza kumwamrisha dhamiri yake.

Wajerumani wenyewe wameanza kusafisha upande wao. Agosti 2024, barabara ya Petersallee mjini Berlin ilivuliwa jina lake, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee.

Kwetu kasoro iko darasani. Peters yuko kwenye kitabu cha historia, Lwanga ameachiwa kipindi cha dini, na mtoto anamaliza shule bila kujua kwamba watu hawa wawili waliishi chini ya jua moja na wanaunganishwa na mtu mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1890 Peters alifika Buganda akatia saini mkataba na mfalme aliyekuwa amerejeshwa kitini kwa bunduki za Wakristo. Mfalme huyo ni Mwanga yule yule aliyeamuru moto wa Namugongo. Mkataba haukufika mbali: Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana maeneo mezani, Buganda ikaangukia kwa Uingereza, na karatasi ya Peters ikafutika. Hiyo ni sura moja ya historia, na naiomba wizara iiandike kama sura moja.