Mpangaji wa miezi mitatu

Kuna makala inayoeleza jinsi CBO, ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani inayokadiria gharama za miswada, inavyoshutumiwa kwa upendeleo; mwandishi wake ameeleza vizuri, ila amepita haraka penye utamu. Mwaka 2017 Republican walipopunguza kodi, nafuu nyingi za watu binafsi waliziandika zikome mwisho wa 2025, ili gharama ionekane ndogo kwenye karatasi. Ilipofika 2025, maseneta wao wakasema kuziendeleza hakugharimu kitu, maana tayari zipo! Sawa na mpangaji aliyeomba akae miezi mitatu tu, wa nne anakwambia halipi kodi kwa sababu keshazoea nyumba. CBO ikapiga hesabu kwa sheria ilivyo, yaani nafuu zinakoma 2025: muswada wao mzima unaongeza nakisi ya serikali kwa takriban dola trilioni 3.4 katika miaka 10. Eti hao CBO ni vibaraka wa Democrat, wakati mkurugenzi wao, Phillip Swagel, alifanya kazi Wizara ya Fedha chini ya George W. Bush.

Democrat nao wasijifanye malaika. Mwaka 2021, kwenye muswada wa Build Back Better, nyongeza ya nafuu ya kodi kwa wenye watoto waliiandikia mwaka mmoja tu. Ujanja ule ule.